Chaki ya Kahawia

Kamera ni marufuku katika chumba namba tatu,
kwa hiyo wananilipa mimi:
kiti cha pembeni, ubao magotini, sanduku la chaki
zilizolika ncha kwa nyuso za miaka kumi na tisa.
Toledo, Ohio. Machi. Mabomba ya joto yananuka kutu.

Asubuhi waliingiza Colby Hostetler.
Suti ya buluu, lebo ya bei ikichungulia kwapani.
Duka la dawa, usiku, kioo kilichopasuliwa,
mlinzi aliyesukumwa akavunjika nyonga.
Hakimu alishusha miwani, akamuuliza anasomea nini.
"Kijana huyu," akasema, "kijana huyu ana maisha mbele yake."
Dhamana: sahihi ya baba.
Mhariri akanipigia simu. Mchoro mzuri, ila mpe mwanga kidogo,
pale kwenye paji la uso, kama mtu anayetubu.
Nikampa.
Chaki nyeupe haina gharama.

Mchana waliingiza Odell Pruitt.
Duka lile lile. Usiku ule ule. Nyonga ile ile.
Walikuwa pamoja, gari lilikuwa la Colby.
Sare ya rangi ya chungwa, mnyororo kiunoni,
maana aliyelala jela siku sita haletewi suti.
Umri kumi na tisa, miezi miwili nyuma ya mwenziwe.
"Mwanamume huyu," akasema hakimu,
na miwani haikushuka.
Dola elfu themanini.

Odell alipiga miayo.
Alikuwa anakunja pembe ya karatasi ya mashtaka,
anaikunjua, anailainisha kwa kidole gumba
kama anayeiomba karatasi radhi.
Nikachora vidole hivyo kwa raha, nakiri,
kwa raha ya fundi aliyepata mbao nzuri.

Simu tena. Ongeza kivuli chini ya macho.
Taya ionekane.
Nikasema, ule mdomo ni miayo tu.
Akasema, na mikono ikate, nafasi finyu.

Jioni gazeti likatoka.
Colby ukurasa wa nne, mchoro wangu kando,
na picha kubwa ya shuleni: tabasamu, mbwa, bustani.
"Mwanafunzi ajikuta matatani."
Kana kwamba matata ni shimo, naye alikuwa anapita zake.
Odell ukurasa wa kwanza, kuanzia kifuani kwenda juu.
Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi.
Hili lilichaguliwa. Lilipimwa kwa sentimita,
likatafutiwa herufi nene.

Kesho yake, kando ya mashine ya soda,
mama mmoja alinisubiri na aproni ya dobi ya hospitali,
beji kifuani: Verlene.
"Wewe ndiye uliyemchora?"
Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.
Alikunjua gazeti, akaweka kidole, si usoni pa mwanawe,
bali nyuma yake, mlangoni.
"Askari huyu huinama akipita hapa. Nimemwona.
Mwanangu hamfiki begani.
Hapa wamelingana.
Nani kamrefusha?"

Nikafungua mdomo niseme: mhariri.
Lakini mhariri alitaja macho, alitaja taya.
Mlango hakuutaja.
Askari hakumtaja.
Nilimrefusha asubuhi yangu, kahawa yangu ikiwa moto,
kabla simu haijalia,
na mkono haukuniuliza.

Verlene alikunja gazeti mara nne, vizuri,
pembe juu ya pembe.
Nikajua vile vidole vimetoka wapi.
Basi lake lilikuwa linafika. Akaondoka.

Usiku nilimwaga sanduku juu ya meza ya jikoni.
Nyeupe bado ni nusu.
Ya kahawia imebaki kipande kama ukucha,
na kwenye ubao wangu wa zamani, chini ya karatasi,
kuna mitaro ilikopita,
mirefu, yenye kina, ya miaka yote hiyo
nikikandamiza.

Kesho saa tatu, chumba namba tatu.
Nimetia rula mkobani.
Nitaanza na mlango.